Tundu la Mwisho la Namba Tisa

Kijiwe chetu ni benchi la mbele ya duka la mikate, mtaani kwetu Preston, ng'ambo ya fleti za matofali ya njano. Tuko wanne. Mimi nanunua kahawa, ndiyo maana navumiliwa. Desmond ni Pimamaji, fundi mstaafu ambaye rafu zake zote ziliinama. Maureen ni Refa. Alichezesha netiboli miaka thelathini na mpaka leo anapuliza. Spiro ni Ngazi: anakaa namba tisa, ghorofa ya tatu, magoti yamekwisha, na hana hadithi nyingine. Asubuhi ile alikuwa anahama. Wakala wa nyumba alimwahidi namba mbili, fleti ya chini, kwa sharti moja: akija kukagua saa nne, asikute tundu kwenye kuta za namba tisa. Ngazi alishaziba matano. Limebaki la picha ya harusi, na pati ya kuzibia imemwishia.

Pimamaji: — Dawa ya meno. Nusu ya Preston nimeiziba kwa dawa ya meno.

Refa: — Ndiyo maana kunanuka mnanaa.

Ngazi: — Yangu ina mistari ya kijani.

Refa: — Faulo. Ukuta mweupe.

Pimamaji: — Mweupe upi?

Refa: — Hapo sasa. Kuna nyeupe ya pamba, kuna ya mfupa, kuna ya maziwa. Mimi nilinyimwa nyumba kwa kupaka pamba juu ya mfupa.

Mimi: — Jibini je? Ile feta yenu Wagiriki, nyeupe?

Ngazi: — We bwana, marehemu mke wangu atafufuka anipige.

Pimamaji: — Halafu siku hizi mawakala wana mbwa. Kafunzwa kunusa mnanaa. Anakaa mbele ya tundu, anakutazama tu.

Refa: — Mbwa gani?

Pimamaji: — Mfupi. Wa matundu ya chini.

Refa: — Na ya juu?

Pimamaji: — Wanambeba.

Ngazi alikunywa kahawa yake taratibu. Nilimwonea huruma, magoti yale hayana mwaka mwingine wa kupanda. Refa akafungua mkoba, akatoa kopo dogo la pati na kipande cha msasa.

Ngazi: — Ulikuwa nayo muda wote?

Refa: — Nani aliniuliza?

Ngazi akapanda. Tulihesabu kila hatua yake, maana dirisha la ngazi liko wazi na analalamika kwa sauti. Akarudi saa nne kasorobo, kidole cheupe, mfukoni misumari sita ikigongana.

— Kwisha, — alisema. — Kama hakujawahi kukaa mtu.

Hapo ndipo alipofika binti mmoja, mrefu, amekumbatia kitu kipana kilichofungwa kwa taulo.

— Samahani, wazee. Namba tisa ni pale? Naitwa Sela. Nahamia kesho.

— Ni pale, mwanangu, — Refa alisema. — Umebeba nini?

— Picha ya baba. Tumemzika visiwani kwetu Tonga mwezi uliopita. Wakala amenikataza kutoboa ukuta, hata msumari mmoja. Ila amesema tundu nikilikuta, ni halali yangu. — Akatutazama mmoja mmoja. — Eti, aliyekuwa anakaa pale ameacha hata moja?

Pimamaji alichungulia ndani ya kikombe. Kilikuwa kitupu. Refa alifunga mkoba. Mimi nilitazama matofali.

Ngazi alifuta kidole kwenye suruali. Gari la wakala lilikuwa limeshakata kona.

— Refa, pati yako inakauka kwa muda gani?

— Saa mbili nzima. Sasa hivi bado ni uji.

Akasimama, akishika goti. Akachagua msumari mmoja mfukoni, mrefu kuliko wenzake.

— Pimamaji, — alisema, — huyo mwenye gari msimulie habari za mbwa. Usikimbilie mwisho.

Akavuka barabara. Tukaanza kumsikia akizilalamikia ngazi, moja baada ya nyingine.