Boriti ya Ghala la Rujewa

Sogeeni wanangu, na wewe Devotha funga mlango, maana masikio ya jirani Mama Ombeni yanapita ukutani. Nikifa, nyumba hii ya Kihesa ni ya Devotha. Ghala la Rujewa ni lako Clement, lakini usitabasamu kwanza.

Siku boriti ya zege ya ghala ilipomwangukia baba yenu ililia kama bunduki. Ufa ulipita mshazari karibu na nguzo, mara moja, hakuna aliyepata nafasi ya kukimbia, tukamchimbua kwa koleo kifua kimekuwa bapa. Frida wa kwaya alilia kunishinda mimi mjane, na sababu yake naijua, nitazikwa nayo. Wewe Clement ukamkamata fundi Zabron, ukasema kaiba saruji, ukampiga kwa mpini wa koleo mpaka jicho likapasuka, damu ikanirukia kwenye kitenge.

Zabron hakuiba. Injinia aliyetoka Mbeya alilipima lile zege akakuta saruji imejaa, akanieleza taratibu kama mtoto. Boriti ya duka letu la Mlandege ilikuwa na kimo kidogo, haina ringi za kufunga nondo, ikasimama. Baba yenu akataka ya ghala iwe vilevile bila ringi, ila kimo mara tatu, na mzigo mara tatu. Zabron aliomba ringi, akaitwa mwoga. Kumbe boriti ikipanda kimo bila ringi, ufa unafunguka mpana, kokoto za huku na huku zinaachana, na nguvu haiongezeki kama ukubwa ulivyoongezeka. Nilikuambia, ukanijibu kwamba mama umeishia darasa la nne.

Sasa nasikia umemwaga nyingine, kubwa kuliko iliyomuua, bila ringi tena, kisa saruji umeisimamia mwenyewe. Wapagazi watapanga magunia chini yake na watoto wao watacheza humo.

Nasema mbele ya dada yako: ghala si lako mpaka boriti hiyo ivunjwe, mirunda ikiwa bado imeishikilia. Na wa kuipiga nyundo ya kwanza ni Zabron. Mfuate kwake, umwombe, nyundo umpe mkononi. Akitaka kukugonga nayo wewe kwanza, usikimbie.

Devotha, maji... basi, yatosha. Mungu awatunze... awape watoto wenye... wenye kusikia kuliko ninyi. Mpendane, hata mkinuniana.

Clement, mkono wangu uache. Ataushika dada yako. Wewe nenda... nenda kamwite Zabron.