Sindano ya Tatu ya Kamanda

Mgeni rasmi, Profesa Mosoti, mkuu wa utafiti wa saratani ya mbwa, madaktari mlioandamana naye, naibu chifu, wananchi na mbwa wote mliohudhuria: hamjambo.

KARIBU LAMBWE

Sisi wenye mbwa wagonjwa wa Lambwe na Kisegi tumefurahi kukuona. Ukisikia kubweka, usijali. Hao ni wa Kisegi, hawajazoea watu wenye tai.

TULIKOTOKA

Mwaka jana watu wako walipokuja kutafuta mbwa wenye uvimbe, tulidhani wanataka kuwaua, tukawaficha jikoni. Ndipo Daktari Irine akakaa chini akatueleza pole pole. Alisema kuna dawa ya kingamwili, yaani askari wa mwili waliotengenezwa maabara, wanaoutafuta uvimbe na kuushambulia. Tena saratani ya mbwa inafanana na ya binadamu, hivyo kinachomsaidia mbwa leo huenda kikamsaidia mtu kesho. Tukawatoa jikoni. Tuliandikisha mbwa kumi na mmoja, pamoja na mbuzi wa Mzee Obare, ambaye alikataliwa.

MAFANIKIO

Uvimbe umepungua kwa mbwa wanane. Mbwa wa Mama Priscah amepata nguvu hadi amerudia kuiba mayai, na wenye mayai wanasema wanamshukuru Mungu, ila wanaomba afungwe.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, hapa tunakiri kosa. Kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Habari zilipoenea kwamba mbwa wamedungwa sindano, majirani walikuja kuwaona wakiwa na dagaa wa omena, vichwa vya samaki wa mbuta na supu ya mifupa. Daktari Irine alipokataza, mwenyekiti wetu, Mzee Obare, alisimama akamwambia, "Daktari, mgonjwa ni mgonjwa tu, hata kama iko na mkia."

Tulimpigia makofi. Hatukujua kwamba dawa hupimwa kwa kilo za mbwa. Wagonjwa walinenepa, na dawa iliyoletwa ya kutosha wote ikaisha kabla ya foleni kwisha.

Ilimwishia Kamanda. Huyu ni mbwa wa katibu wetu, Dolphine Achieng, anayekusomea risala hii. Siku ya sindano ya tatu, Dolphine aliwapisha watu wa Kisegi watangulie kwa sababu walitoka mbali. Adabu imetuponza. Sasa tumeambiwa kwamba mbwa aliyekosa sindano anafutwa kwenye orodha Ijumaa hii.

OMBI

Tumesikia imebaki chupa moja kwenye friji yenu Homa Bay, na kwamba inamtosha mbwa asiyezidi kilo ishirini. Kamanda alikuwa na ishirini na nne. Kwa wiki tatu Mzee Obare amemkimbiza kila asubuhi hadi lango la mbuga ya Ruma na kurudi, na sasa mzee mwenyewe anafunga suruali kwa kamba. Leo tulimpandisha Kamanda kwenye mizani ya mahindi. Ni kumi na tisa na nusu.

Huenda ukauliza mbwa mmoja ana nini cha pekee. Dada yake Dolphine, Emmaculate, yule pale mbele mwenye kitambaa cha kijani, ana uvimbe kwenye titi na anatibiwa. Tangu aanze dawa, chakula hakipiti. Lakini kila Jumapili humpapasa Kamanda, na akikuta uvimbe umepungua, anamaliza sahani nzima. Jumapili mbili zilizopita alikuta umeongezeka. Hakula. Profesa, tunaogopa.

Tunaomba hiyo chupa.

Mungu akulinde barabarani, akuzidishie hekima, na watoto wako wasikose afya. Sasa utaletewa samaki. Kamanda atakuja kukaa miguuni pako akutazame kwa macho ya njaa, na kweli ana njaa. Tafadhali usimtupie hata mwiba. Kuna sahani nyingine tumeifunika jikoni, ni ya Emmaculate, inangoja neno lako.

Ni sisi,
Kikundi cha Wenye Mbwa Wagonjwa, Lambwe na Kisegi