Redio Ndani, Baba Nje

Bwana asifiwe! Ndugu zangu wa Keumbu, leo msinipigie makofi. Nimekuja na hasira, na hasira yenyewe ni juu yangu.

Mnanijua kwa sauti. Miaka ile ya sitini, mahubiri yangu yalirekodiwa Nairobi, yakatoka redioni kila Jumapili alasiri. Nilihubiri msamaha hadi kina mama wakalia. Unafiki mtupu! Neno ni kweli, mwongo nilikuwa mimi. Baba yangu mzazi, aliyekaa ng'ambo ya migomba yangu, nilikuwa sijamsalimu kwa miaka sita. Nilipookoka alinifukuza nyumbani kwake, akaitupa Biblia yangu kwenye zizi la ng'ombe watu wakiona. Nikamwekea kinyongo, nikakiita kusimama imara katika imani!

Jumapili zote nilikuwa safarini nikihubiri. Siku moja ibada ikavunjwa na mvua, nikarudi nyumbani mapema. Pale kwetu redio ilikuwa moja tu, ndani ya nyumba yangu. Na mila yetu mnaijua: baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Nikamkuta mzee amechuchumaa nje, amelowa chepechepe, sikio kwenye ukuta wa udongo. Ndani, sauti yangu ilikuwa ikisema, "Samehe leo, ndugu, usingoje kesho."

Damu ilinichemka. Nikafoka, "Unatafuta nini kwangu?"

Hakugeuka. Aliinua mkono tu. "Kira! Nyamaza, nimsikie mchungaji. Yeye huongea na mimi."

Ndugu zangu! Mke wangu Kemunto alikuwa amesimama mlangoni. "Baba Moraa, mzee huja kila Jumapili," akaniambia. "Na wewe ulikataza redio isitolewe nje, betri zisiharibike."

Betri! Nilihurumia betri!

Hapo Yesu alinikamata. Nikaitoa redio, nikaiweka magotini pa baba, nikaketi matopeni kando yake mpaka kipindi kikaisha. Nikamwambia, "Baba, mchungaji amefika. Nisamehe." Akaniwekea mkono kichwani, akalia. Minyororo ya miaka sita ikakatika. Asante Yesu!

Lakini hasira bado ninayo, maana naona hapa ndugu wa tumbo moja wameketi mabenchi mawili wakipeana visogo. Mwamini Bwana, inuka sasa, nenda kwa yule uliyemwekea kinyongo, awe humu au nyumbani. Bwana atakwenda nawe. Mimi sihubiri tena leo mpaka nione mabenchi haya yakiwa na nafasi tupu.