Kipanga Imefufuka, na Leso Yangu Shahidi

Wapendwa, Bwana atukuzwe! Na anayesinzia aamshwe, maana haya si ya kusikiwa nusu.

Ni ule mwaka tuliokula mahamri bila mbaazi, mchana muhogo, jioni muhogo tena. Marehemu mume wangu, Charo, aliniachia pikipiki moja, Kipanga. Wazee mnazikumbuka! Zilikuwa zikiundwa kiwandani hapa hapa mtaani Mbaraki, naye alikuwa fundi wa kiwanda hicho. Kiwanda kikafa, jina likafa, naye akafa. Ile ya mwisho ikabaki sebuleni kwangu, nimeifunika leso kama mama aliyejifungua jana.

Ndugu zangu, mjukuu wangu Kadzo akaniambia, "Nyanya, nataka kuifufua Kipanga. Kampuni mpya, jina lile lile. Lakini mfano wa kuiga ni hii tu. Ikiondoka, nitaunda kwa ndoto?"

Nilicheka hadi nikakohoa. Kisha nikamwona anaifungua injini, kila chuma anakipima, anakichora, grisi mpaka kwenye kope. Babu yake mtupu! Nikaacha kucheka, nikaanza kuomba.

Lakini njaa haina adabu. Mwanangu Kazungu akaja na mnunuzi wa vyuma vikuukuu, mkokoteni uko mlangoni.

"Mama, tutakula pikipiki?"

Ndugu zangu, sitawadanganya, tumbo langu lilikuwa upande wake! Nikapiga magoti pale pale, nikamlilia Mungu. Nguvu zikanijia! Nikaipanda ile pikipiki, leso nikaitandaza juu yake na juu yangu.

"Sishuki. Aitakaye anivue leso kwanza!"

Mwajua wenyewe, mwana akimvua mamake leso amejilaani. Kazungu akarudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Yule mnunuzi akasema, "Twende zetu, bibi huyu ni breki tosha," akaondoka na mkokoteni mtupu. Haleluya!

Leo kampuni ya Kadzo iko Ganjoni, Kipanga mpya zinatoka: tangi jekundu, yule ndege ubavuni, na mlio ule ule wa Charo akirudi nyumbani. Na anayezipaka rangi ni nani? Kazungu! Mungu ana mambo! Asante, Baba! Nawe unayenisikia, mtumaini hata tumbo likinguruma.

Jumapili iliyopita Kadzo alileta Kipanga mpya ya kwanza kanisani iombewe. Nikaipanda. Vijana wakapanga foleni wajaribu.

"Nyanya, shuka basi!"

"Mama, watu wanangoja!" Kazungu naye.

Nikatandaza leso.

"Sishuki. Aitakaye anivue leso kwanza!"