Gambuti za Kapteni Muthoki

Ijumaa hii, tarehe 31 Julai 2026, Kapteni Muthoki Kyule anastaafu baada ya kurusha ndege zetu ndogo kwa miaka ishirini na tisa. Ofisi imemwandalia cheti. Sisi mafundi, tulioosha tope lote alilorudi nalo, tumeona cheti peke yake hakitoshi.

Viwanja vyake havikuwa vya lami. Vilikuwa nyasi au mchanga, na wakati wa masika uji mtupu. Kutua mahali kama hapo kuna adabu yake: unashuka taratibu, pua juu, gurudumu la mbele liguse mwisho, na breki usizikumbuke. Ukiwa na pupa, ndege inachimba shimo. Muthoki alikuwa na desturi yake. Alipita kwanza akigusisha magurudumu kidogo, akapaa, kisha akageuka kuzichungulia alama. Zikimeta maji, hatui. Akitua, huvaa gambuti, viatu vyake virefu vya mpira, na kuukagua uwanja kwa miguu kabla ya kuondoka.

Gambuti hizo ndizo zilizomponza. Majirani zake wa mtaa wa Mowlem, Nairobi, walimwona akitoka nazo alfajiri, wakaamua kwamba anachinja mbuzi kwenye machinjio ya Kiamaiko. Wakaanza kumwagiza matumbo. Muthoki ana haya, hapendi kumwaibisha jirani, kwa hiyo hakuwasahihisha. Kila Ijumaa akawa anapitia Kiamaiko kuyanunua kwa Mzee Zubair, mchinjaji wa huko, na mtaa mzima ukamwita Mama Matumbo. Tulimcheka mpaka tukachoka.

Halafu ikaja masika ya mwaka juzi. Mzee Zubair alikuwa kaskazini kununua mbuzi, akaumwa na nyoka. Mguu ulivimba hadi gotini na mto ulikuwa umekata barabara. Nasima, muuguzi wa huko, alituambia kwa redio kwamba dawa imemwishia, na mgonjwa asipofika hospitali kabla ya jioni mguu utakatwa, akibahatika.

Muthoki akaenda. Alipogusa mara ya kwanza, alama zilijaa maji. Ni upande wa juu tu, ambako mbuzi hulala na kuikanyaga ardhi ikashikana, zilikobaki kavu. Akatua kwenye kipande hicho, pua juu, mbuzi wakitimka.

Shida ikawa abiria. Mzee Zubair alipomwona mteja wake wa matumbo akishuka na gambuti, aligoma kupanda. Alimwambia Nasima kwamba ama homa imemchanganya yeye, ama wao ndio wamechanganyikiwa. Wingu jeusi lilikuwa linakaribia. Muthoki akachuchumaa kando yake.

"Mzee, kila Ijumaa mimi nanunua matumbo yako bila maswali," akamwambia. "Leo panda ndege yangu bila maswali."

Akapanda. Waliondoka matone ya kwanza yakianguka. Jioni hiyo tuliosha ndege tukiwa tunaimba, maana hospitali ilikuwa imepiga simu.

Muthoki ametufunzia marubani wengi, na tuzo zake sijui huzificha wapi. Tutamkosa, na sioni haya kulisema. Nyama ya sherehe inatoka Kiamaiko. Tulimwomba Mzee Zubair aitume kwa pikipiki, akakataa katakata. Anasema ataileta mwenyewe, kwa miguu yake miwili.

Asante, Mama Matumbo. Tunakuombea afya na usingizi wa asubuhi, na kila utakapokanyaga pawe pakavu. Gambuti tuachie.