Divai ya Dukani

Barabara inayotoka mjini Telavi, ikifika kijijini kwetu, hupinda ghafla kana kwamba imekumbuka kitu ilichosahau nyumbani. Hapo kwenye kona ndipo lilipo benchi letu, limeegemea ukuta wa duka la Shangazi Lamara. Asubuhi ukuta unapata jua, na sisi tunaupata ukuta. Kahawa ya Lamara hupanda kwenye kibirika cha shaba, hushuka, hupanda tena, na maneno yetu nayo hivyo hivyo. Mbele yetu mizabibu, nyuma yetu mizabibu, na kila nyumba ina mitungi ya udongo iliyozikwa ardhini hadi shingoni, na kila mtungi una divai. Ila mwaka huu mitungi ina hewa tupu. Mwezi wa nane mvua ya mawe ilipita juu ya mashamba yetu mara moja tu, na mara moja ilitosha. Kwa hiyo asubuhi ile Guram alipofika benchini na mfuko unaogongana ndani kwa sauti ya vioo, tuliutazama wote, kama watu walioona jeneza.

Guram sisi tunamwita Mtungi. Wake ndio mkubwa kuliko yote kijijini. Siku ya kuuosha, mtu mzima hushuka ndani na ufagio. Jumamosi anamwozesha mwanawe Levani. Tarieli ni Spika, msemaji wa meza katika kila harusi na kila matanga. Hapa kwetu kikombe hakinywewi mpaka yeye akisemee neno. Jumberi tunamwita Rada kwa kuwa hutabiri hali ya hewa. Mwezi wa nane alitabiri jua.

Mtungi akatoa mfukoni chupa mbili za kioo na moja kubwa ya plastiki, akazipanga kwenye benchi. Ya kwanza ilikuwa na picha ya farasi. Ya pili ilikuwa na picha ya mnara. Ya plastiki haikuwa na picha wala jina, ila kizibo cha kijani.

Mtungi: Nisikilizeni, ndugu zangu. Kesho mpwa wangu anakwenda mjini na gari kuchukua divai ya harusi. Nimwambie alete ipi?

Rada: Kuchukua wapi? Dukani?

Mtungi: Sasa niitoe wapi, Rada? Kwenye utabiri wako?

Rada: Yale mawe yalitokea upande usio wangu.

Spika: Mtungi, tuseme kweli. Kununua divai hapa kwetu ni kama kukodi mtu akulilie mama yako.

Mtungi: Najua. Ndiyo maana chupa tutazificha. Tutaimimina yote kwenye magudulia na kusema imetoka mtungini. Ninachotaka kwenu ni kimoja tu: mniambie ipi inafanana na ya kwetu. Zote ni za bei nafuu. Nimezitoa rafu ya chini kabisa, nimepiga magoti mbele ya watu.

Spika: Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mtungi: Leo ndiyo mara yako ya kwanza kuipatia methali, na imeniuma.

Shangazi Lamara akaleta vikombe vitupu vya kahawa, maana glasi zake zote alikuwa ameziazimisha kwa harusi hiyo hiyo. Nikamimina ya Farasi. Ikatoka nyekundu, nyepesi, imeharakisha. Kipande cha kizibo kikaelea katika kikombe cha Spika.

Spika: Usione vyaelea, vimeundwa.

Rada: Kitoe hicho, bwana, unywe!

Mtungi: Msinywe! Onjeni. Nimeona watu wa mjini wanavyofanya. Unaweka kidogo mdomoni, unatulia, unafikiri.

Spika: Unafikiri nini na divai mdomoni? Kikombe kinasemewa neno, kisha kinamalizwa. Baba yako aliwahi kutulia? Haya. Hiki ni cha amani, iwe nyumbani mwetu na kwa jirani, na jirani wa jirani...

Jirani walikuwa wengi. Alipowamaliza wote tukasema "Heri!", tukamimina Farasi kooni kama kawaida yetu, tukatua vikombe.

Mtungi: Enhe?

Rada: Imepita.

Mtungi: Imepita vipi?

Rada: Kwa kasi. Hii imetengenezwa na mtu mrefu.

Mtungi: Acha zako!

Rada: Nakwambia. Na imepita kwenye bomba la chuma. Divai ikipita kwenye bomba inasahau ilikotoka. Iulize hii imezaliwa wapi, haijui.

Spika: Kosa si bomba. Zabibu hizi zilichumwa na watu waliokosana. Hawakuimba shambani. Zabibu isiyoimbiwa huwa na kinyongo.

Lamara: Na nyie mnaonja kama watu wanaozima moto. Mtajuaje?

Ikafuata ya Mnara. Spika akaisemea neno la marehemu, na kwa marehemu hapa kwetu hakuna kubakiza hata tone. Tukawataja wazee wetu, Rada akafuta jicho, tukanywa. Ilikuwa na utamu wa kutosha.

Mtungi: Hii je?

Spika: Hii imetiwa sukari na mwanamke mjane.

Rada: Hapana. Hii haijatiwa kitu. Ule mnara kwenye picha una kengele. Wanaipiga kengele usiku na mchana karibu na mapipa, zabibu zinaogopa, na zabibu ikiogopa inatoa sukari. Ni sayansi hiyo.

Spika: Sayansi ya nani?

Rada: Ya redio. Tena nakwambia, ile ya Farasi haina zabibu kabisa. Walimkamua farasi.

Mtungi alikuwa amemwagikiwa na Farasi kifuani, doa jekundu pana juu ya shati alilokuwa amelipiga pasi.

Spika: Umeona, Mtungi? Kikulacho ki nguoni mwako.

Hakuna aliyecheka, maana Mtungi alikuwa ameinama, viganja vimefunika uso. Lamara akaja akasimama mbele yake, kibirika mkononi.

Lamara: Guram, kaka yangu, hebu nikuulize. Majirani wote walifagia mawe pamoja na wewe. Wanajua huna divai. Na wakwe wanatoka Svaneti, milimani kwenye theluji. Wao mzabibu wanauona kwenye michoro ya kanisani. Hawajui hii wala ile. Sasa unamficha nani?

Mtungi: Simfichi mtu. Najificha mimi. Baba yangu aliniozesha kwa divai ya mtungi ule ule. Babu yangu alimwozesha baba yangu kwa huo huo. Levani alipozaliwa niliuosha kwa mikono yangu, nikatoka humo nanuka udongo, nikamwambia mama yake: akioa huyu, watu watakunywa humu. Sasa nitasimamaje mbele ya wakwe na chupa yenye farasi?

Rada akamkabidhi kahawa yake mwenyewe, ambayo alikuwa hajaigusa. Kwa Rada hilo ni jambo kubwa.

Spika: Tumalize na ya kizibo cha kijani, tuamue. Nayo ndiyo ya mwisho, nitaisemea neno la watoto.

Rada: Hiyo ya plastiki? Spika, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiyo imejitembeza toka mjini mpaka hapa. Hata jina haina. Mimi nitainywa kwa ajili ya watoto tu.

Nilikuwa bado naimimina. Ilikuwa na rangi ya chai nzito isiyo na maziwa. Basi tukasikia viatu kwenye kokoto, na kwenye kona akatokea Mzia, mchumba wa Levani mwenyewe. Alikuwa ameshuka kutoka milimani juzi na shangazi yake kuja kupunguza gauni. Mtungi akaziteremsha chupa zote, akazisukuma chini ya benchi kwa kisigino. Zikalia kama kengele za kanisa siku ya Pasaka.

Mzia: Shikamoo, Baba. Shikamooni nyote. Shangazi, nimetumwa uzi mweupe.

Lamara: Upo, mwanangu. Kaa kwanza.

Mzia: Baba, nini hicho chini ya benchi?

Mtungi: Dawa. Dawa ya mizabibu.

Mzia akatazama vikombe, akatazama doa la shati, akaketi katikati yetu na kuikunja sketi yake vizuri magotini.

Mzia: Basi nami nipeni hiyo dawa. Kule kwetu hakuna mizabibu, lakini mimi naingia kwenye nyumba ya mizabibu.

Nani angekataa? Nikampa zote tatu, kidogo kidogo, katika vikombe vitatu. Spika akainua mkono aanze neno lake, lakini binti alikuwa tayari amenywa tone la Farasi. Hakumeza haraka. Alitulia, macho yake ukutani, kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Mzia: Sijui kusema, msinicheke. Divai niliyowahi kunywa ni ile ya kijiko cha kanisani tu. Lakini hii... hii inanikumbusha viatu vya mjomba vikikaushwa karibu na jiko.

Rada: Si nilisema!

Spika: Ulisema farasi.

Rada: Farasi havai viatu?

Mzia: Na hii ya mnara ni kama mtu anayekusifu sana kabla hajakuomba kitu. Mwanzoni unafurahi. Baadaye unamwogopa.

Akanyanyua kikombe cha tatu. Akaonja, akaonja tena. Akaramba mdomo.

Mzia: Hii inauma kidogo kwenye ulimi, lakini haiumi vibaya. Ni kama ganda la tunda la jozi bichi, lile linalochafua vidole. Halafu inakuja harufu ya... mnajua paa la majani makavu jua likitoka baada ya mvua? Halafu nataka mkate. Ndiyo maajabu yake, nimeamka sina njaa na sasa nataka mkate na jibini.

Lamara akacheka, akaingia ndani kuutafuta.

Mzia: Na ya kwenu, Baba, ina ladha gani?

Mtungi: Ya kwetu?

Mzia: Ile ya mtungi mkubwa. Tangu nichumbiwe na Levani nasikia sifa zake. Nilimuuliza Levani ni nzuri vipi, akaniambia nitaona mwenyewe. Kisha mawe yakaja, na sitaiona. Ndiyo nauliza. Ilikuwa na ladha gani?

Spika akafungua mdomo. Nimemjua Tarieli tangu nikiwa mtoto; amesemea maneno vikombe vya vijiji vitatu, amewaliza mapadri, amechekesha wafiwa. Alifungua mdomo, akaufunga.

Rada: Ilikuwa na ladha ya... ya divai.

Mzia: Ndiyo, lakini divai gani?

Rada: Yetu.

Akanigeukia mimi. Nikatazama barabara. Katika kichwa changu niliona mikono ya baba, kamba ya ndoo, watu mezani wakiimba, mama akifuta kinywa kwa upindo wa aproni. Ladha sikuiona. Niliitafuta kweli kweli.

Mtungi aliongea polepole, kama anayepanda ngazi kutoka ndani ya mtungi wake.

Mtungi: Mwanangu, divai ya kwetu hatujawahi kuionja. Tuliinywa tu.

Binti hakucheka. Akamsogezea kikombe chake cha tatu, bado kina nusu.

Mzia: Basi anza na hii, Baba.

Mtungi akanywa tone. Akalishika mdomoni. Uso wake ukafanya kazi nyingi. Spika naye akachukua kikombe chake, akaona hana neno la kukisemea, akanywa hivyo hivyo, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Mimi nikafuata. Lamara akarudi na mkate wa moto, akatukuta tumetulia wote, mashavu yamevimba kidogo, akadhani tumegombana. Wa mwisho alikuwa Rada, ambaye alifumba macho yote mawili.

Rada: Duh.

Mtungi: Nini?

Rada: Ganda la jozi. Lipo kweli. Liko huku pembeni, nyuma ya jino.

Spika: Mimi nimepata mpaka lile paa.

Mtungi akamega mkate, akampa Mzia kipande kikubwa kuliko vyote. Kisha akainama, akaitoa chupa ya plastiki chini ya benchi, akaiweka juu, kwenye jua, mahali ambapo kila anayepita barabarani angeiona.

Mtungi: Kesho mpwa wangu ataleta hii. Na haitaingia kwenye gudulia, itakaa mezani na kizibo chake cha kijani. Nitasimama niwaambie wakwe: yetu imechukuliwa na mawe, hii tumeinunua. Mzia, Jumamosi utakaa karibu na Tarieli. Yeye atasema neno, nasi tutangoja tusinywe, mpaka wewe useme ladha.