Taa ya Kijani

Jumamosi, saa tatu asubuhi, Festo alifika kijiweni kwa mikono. Watu wa benchi la Gongoni, lile lililo mbele ya duka la mbegu, waligeuka wakimwangalia. Tangu masika walikuwa wamemzoea akija amekaa juu ya sketibodi ya umeme, rimoti mkononi, vumbi likimfuata nyuma. Dada yake Paskazia ndiye aliyemtumia kutoka Dar. Polio ilichukua miguu ya Festo akiwa mtoto, na kabla ya sketibodi alikuwa akizunguka mjini juu ya kibao cha mninga chenye magurudumu ya beringi, akisukuma lami kwa ndala alizovaa viganjani. Kwenda kanisani alikuwa akisubiri mtu wa kumsukuma kupanda kilima cha njiani. Siku nyingine mtu hakutokea. Asubuhi hii kibao kilikuwa kimerudi, na ndala zilikuwa viganjani. Alijivuta hadi mahali anaposhonea viatu, karibu na jiko la Yahaya muuza kahawa, akafungua kisanduku chake cha nyuzi.

— Festo! Gari liko wapi? — Yahaya aliuliza, birika likiwa hewani.

— Shikamoo Mzee Silasi.

— Marahaba. Jibu swali la mwenzio.

Mzee Silasi alistaafu kazi ya reli, na kijiwe kizima kilimwita Stesheni. Alikuwa bado amevaa kofia ya kazi.

— Betri imevimba — Festo alisema.

— Imevimba? Kama mguu?

— Kama chapati inayosubiri kugeuzwa.

— Yesu na Maria! — Stesheni alivua kofia. — Betri inavimba? Miaka yote niliyokaa relini sijaona betri ikivimba.

— Jana imenifikisha mpaka sokoni. Kurudi ikanizimia katikati ya barabara, bodaboda wananipigia honi. Nimefungua chini, nikakuta ndivyo ilivyo.

Watatu hao walimgeukia wa nne. Zablon, fundi redio, ambaye jina lake la kijiweni lilikuwa Waya, alikuwa akikoroga kahawa isiyo na sukari.

— Msinitazame mimi. Chaja niliyompa inaingia au haiingii?

— Inaingia — Festo alisema.

— Basi. Kichwa kikiingia, ndiyo yenyewe. Umeme ni umeme.

Chaja ya mwanzo iliungua siku umeme ulipokatika ukarudi kwa nguvu. Zablon alipekua ndoo yake ya nyaya, akatoa nyingine, ya pikipiki ya umeme, akasema ni ndugu. Festo alikuwa ameona kuwa namba zilizoandikwa mgongoni mwa chaja hizo mbili hazifanani. Aliuliza. Zablon alimwambia namba zile ni za watu wa forodha.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone — Zablon aliongeza. — Chaja ngeni imekuja, betri itapata nguvu.

— Kosa si chaja — Stesheni alisema. — Kosa ni huyu kijana. Kila jioni anachaji. Imebaki nusu, anachaji. Imebaki robo, anachaji. Chovya chovya yamaliza buyu la asali! Betri unaiacha ife kabisa, inalala, ndiyo unaifufua.

— Mzee, iwe inafia njiani na mimi juu yake?

— Ndiyo gharama ya usafiri.

Yahaya alicheka, kisha akaacha kucheka.

— Lakini kuvimba jamani. Kuvimba! Mimi naona ni hewa. Sikilizeni. Dar ipo chini, baharini. Tabora ipo juu. Leta hapa pakiti ya krispi kutoka Dar, utaiona imetuna kama ina mimba. Betri hiyo ilifungwa kwa hewa ya pwani.

— Mungu wangu — Stesheni alisema polepole.

— Dawa yake unaiwekea jiwe. Jiwe la kusagia, usiku kucha. Samaki mkunje angali mbichi.

— Yahaya, ukikandamiza itapasuka — Festo alisema.

— Chapati inapasuka?

— Ngojeni, ngojeni — Stesheni alinyoosha kidole kuelekea barabara ya Ujiji. — Babu zetu walipita hapa na mizigo kichwani. Pembe, asali, vyote vikienda pwani. Vikifika vizima. Sasa kitu kinachotoka pwani kuja huku, kinapita njia kinyume. Lazima kivimbe! Hata mpagazi aliyerudi alirudi na miguu imevimba.

— Hiyo sasa kubwa kuliko — Zablon alisema, akaweka kikombe chini.

Festo alivuta uzi kwa meno. Alikuwa amekuja wamwambie jambo moja tu, kwamba itapona. Kila mmoja alikuwa na dawa, na hakuna aliyelisema neno hilo.

— Ulifanya nilivyokwambia jana, uliposema betri inachoka upesi? — Stesheni aliuliza.

— Nimefanya.

— Umeianika?

— Ipo uani juu ya bati, ikiwa bado kwenye sketibodi yake. Tangu jua lichomoze.

Stesheni aliwageukia wenzake kama mtu aliyeshinda kesi. Alieleza tena: zamani, betri za redio zikichoka, walizianika juu ya bati mchana, na jioni taarifa ya habari ikasikika mpaka kwa jirani. Benchi zima lilijua hivyo. Hakuna nyumba pale ambayo haikuwahi kuanika betri za redio.

— Na waya je? Umeuchomoa? — Zablon aliuliza.

— Uliniambia nisiuchomoe mpaka taa iwe ya kijani. Nimewasha tangu jana jioni. Asubuhi ilikuwa bado nyekundu.

— Hapo sasa! Jua juu, umeme chini. Haraka haraka haina baraka, iache ishibe.

— Shikamooni.

Mwanamke aliyekuwa amesimama nyuma ya jiko alikuwa Kabula, wa kutoka Puge, aliyeacha viatu vyake kwa Festo wiki iliyopita. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini. Waliitikia. Festo alimpa viatu. Kabula alivikagua, akavivaa, lakini hakuondoka.

— Nimewasikia mkiongea. Samahani, mimi sijui mambo ya betri — alisema. — Hiyo taa ikiwa ya kijani, nani anaichomoa?

Stesheni alimtazama Zablon. Zablon alimtazama Yahaya. Yahaya aliangalia ndani ya birika.

— Mama yupo — Festo alisema. — Lakini nimemwambia asiguse.

Alilisikia neno lake mwenyewe. Sindano ilianguka. Zablon alikuwa wa kwanza kusimama, akapindua kikombe. Stesheni alimfuata, kofia mkononi, kisha Yahaya, aliyeacha birika na moto kwa Kabula. Festo alivaa ndala viganjani, akageuza kibao. Nyumba haikuwa mbali, nyuma tu ya maduka, ila wenye miguu walikata kona naye akiwa bado kwenye lami. Alisikia mlio kabla hajafika, kama gunia la mahindi likiangushwa kutoka kwenye lori. Kisha akaona moshi mweupe juu ya paa.

Alipoingia uani, godoro lilikuwa limeshaburutwa nje, linafuka. Zablon alikuwa akipiga kelele kwamba yasimwagwe maji, akimwaga mchanga kwa sufuria kupitia mlangoni. Yahaya alichota, Stesheni alipokea, akakohoa, akaketi chini. Juu ya bati hapakuwa na betri. Palikuwa na vipande vya viazi vitamu vimepangwa mistari, na Mama Pelagia amesimama kando, kipande kimoja bado mkononi.

— Mama!

— Nipo, mwanawane. Nipo mzima. — Sauti ilikuwa haijamrudia yote. — Nilitaka bati nianike michembe. Betri ilikuwa inaungua jua. Nikaihamishia chini ya kitanda, kwenye kivuli. Nikaihamisha na waya wake, maana ulisema nisiuchomoe.

Zablon alisikia, akasimama na sufuria tupu.

Moto ulizimika ukiwa umekula kitanda, pazia na pembe moja ya mlango. Yahaya aliivuta sketibodi kwa jembe kutoka chini ya majivu. Magurudumu yake manne yalikuwa yameyeyuka yakashikana.

Chaja ilikuwa juu ya kizingiti, kwenye ekstensheni, mahali Festo alipoiacha. Haikuungua. Taa yake ilikuwa ya kijani. Festo alivua ndala ya mkono wa kulia, akaichomoa chaja.